Maumivu ya Mishipa ya Fahamu na Dawa Zake

Haya ni maneno yaliyosomwa kwa niaba ya halmashauri ya tawi mbele ya wanachama waliokusanyika Tala. Tumeyachapa ili wale waliokuwa kazini siku ile nao wayapate.



Leo hatukuja kusema habari za mshahara, ingawa twajua wengi wenu mlitazamia hivyo. Tumekuja kusema habari ya maumivu ya namna moja ambayo wengi wetu tunayo, nayo yanaula mshahara huo huo kimya kimya. Maana kila juma mtu hupita duka la dawa, akanunua vidonge vya shilingi hamsini, akavimeza, na maumivu yakabaki pale pale. Juma lijalo hurudi tena.

Maumivu yenyewe mnayajua. Ni yale ya kuchoma katika nyayo wakati wa usiku kana kwamba mtu amekanyaga majivu ya moto. Ni yale yanayopita kama umeme kutoka kiunoni, kupitia tako, mpaka kwenye kifundo cha mguu, mtu akiinua mfuko wa saruji. Ni sindano katika vidole vya mikono alfajiri. Ni shuka ambayo ikigusa ngozi mtu ashtuka, na tangu lini shuka ikaumiza mtu? Tena mara nyingi mahali panapouma ndipo palipokufa ganzi. Jambo hili huwashangaza watu, nao huogopa kulisema wasije wakaambiwa wamerogwa au ni waongo.

Si waongo. Tusikilizane vizuri hapa, kwa sababu ndipo shauri zima lilipo.

Mwili una waya zake kama waya za simu. Hizo ndizo mishipa ya fahamu, ambayo siku hizi wengi huiita neva. Ukikanyaga mwiba, habari hupita katika waya kutoka mguuni mpaka kwenye uti wa mgongo, na kutoka uti wa mgongo mpaka kwenye ubongo, nawe wasema “aah”. Hayo ni maumivu ya haki, ni mlinzi anayepiga kelele kwa sababu mwizi ameingia. Lakini waya yenyewe ikiharibika, iwe imebanwa, imekatwa au imeliwa na sukari, yaweza kuanza kupiga simu peke yake. Hakuna mwiba, hakuna kidonda, wala hakuna uvimbe. Simu yalia tu usiku kucha, na ubongo hauna njia ya kujua kwamba ni uongo wa waya na si habari ya mguu. Maumivu unayoyasikia ni ya kweli kabisa, ila yatoka kwenye waya.

Ndiyo maana daktari akikutazama mguu, mguu ni mzima. Na nyapara akikutazama, aona mtu mvivu.

Jambo hili si jipya. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa 1861 mpaka 1865, daktari mmoja aitwaye Silas Weir Mitchell aliwatibu askari waliopigwa risasi katika mishipa hii. Vidonda vilipona, lakini askari walilia kwamba mkono unaungua, wakawa wanaulowesha maji mchana kutwa. Wengine waliumia vidole vya mkono uliokwisha katwa na kuzikwa. Mitchell na wenzake wawili waliandika kitabu mwaka 1864 kueleza majeraha haya ya mishipa ya fahamu. Yeyote miongoni mwenu aliyepoteza kidole katika mashine, na kidole hicho bado chamuuma, na ajue kwamba hana wazimu. Madaktari wanaijua habari yake kwa zaidi ya miaka 150.

Sasa kwa nini vidonge vya dukani havisaidii? Parasetamoli, ibuprofeni, diklofenaki na jamaa zao ni dawa nzuri kwa kazi yao. Ibuprofeni na diklofenaki huenda mahali penye uvimbe na joto, kama kifundo kilichoteguka au jino bovu, zikazuia ile kemikali inayoamsha waya. Lakini ikiwa hakuna uvimbe, na waya yajipigia simu yenyewe, dawa hizo hazina la kuzima. Mtu hudhani kwamba dozi ni ndogo, basi huongeza. Kidonge kimoja huwa viwili, viwili huwa sindano ya diklofenaki kila Jumamosi. Miezi ikipita, tumbo hutoboka vidonda, shinikizo la damu hupanda, na figo huanza kuchoka, zaidi kwa mtu anayefanya kazi juani mchana kutwa bila maji ya kutosha. Yaani mtu alikuja na taabu moja akaondoka na tatu, na ya kwanza hajaiacha.

Twasema haya bila kuwadharau wauzaji wa dawa. Mwenye duka huuza unachoomba. Ukisema “nipe ya maumivu” atakupa ya maumivu. Ni wewe unayejua kwamba yanachoma na kupiga umeme, na hayo ndiyo maneno ya kumwambia mganga wa hospitali. Usiseme tu “mguu wauma”. Sema unachoma, una ganzi, una sindano, shuka yauumiza, na usiku ni mbaya kuliko mchana. Kwa maneno hayo matano atajua aanzie wapi.

Tena kabla ya dawa yoyote lazima iulizwe ni nini kilichoharibu waya. Dawa tutakazozitaja huinyamazisha simu, haziitengenezi waya.

Sababu iliyo kubwa siku hizi ni kisukari. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huiharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kuliko yote, inayotoka kiunoni mpaka vidoleni mwa miguu. Ndiyo maana ganzi huanza kwenye vidole vya miguu vyote viwili, ikapanda pole pole kama soksi. Watu wengi hawakujua wana kisukari mpaka miguu ilipowaambia. Basi mtu mwenye nyayo zinazochoma apimwe sukari kwanza, kabla ya kununua kitu chochote. Na mwenye ganzi atazame nyayo zake kila jioni, hata kwa kioo, maana anaweza kutembea na msumari ndani ya kiatu asijue. Kidonda kisichouma ndicho kinachokata miguu ya watu.

Pombe nayo huharibu mishipa hii, hasa ikinywewa mahali pa chakula. Hatutasema zaidi, kila mtu ajijue.

Kuna mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka ubavu upande mmoja. Malengelenge hukauka, lakini maumivu yaweza kubaki miezi au miaka. Hapa siku ni mali: dawa ya kuua kirusi hufanya kazi vizuri ikianzwa katika saa 72 tangu malengelenge kutokea. Usingoje mwisho wa mwezi. Na kijana anayepatwa na mkanda wa jeshi apimwe virusi vya UKIMWI, kwa sababu mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza.

Virusi hivyo vyenyewe huharibu neva, na zamani dawa mojawapo ya kuvitibu, iitwayo stavudini, iliwachoma watu miguu sana. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2009 iachwe, na dawa za leo hazina kosa hilo. Wanaotumia dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi hupewa pamoja nayo kidonge kidogo cha vitamini B6, kulinda neva. Kuna watu hukitupa kidonge kile wakidhani ni cha bure tu. Msikitupe. Lakini hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo: vitamini B6 hiyo hiyo, mtu akiila kwa wingi kwa muda mrefu, huharibu neva yeye mwenyewe! Basi zile sindano za vitamini zinazouzwa kwa kila mwenye ganzi si za kudunga ovyo. Humfaa yule aliyepungukiwa. Mwenye kisukari aliyetumia metformini kwa miaka mingi ana haki ya kuuliza apimwe vitamini B12, kwa sababu dawa ile yaweza kuipunguza.

Na kuna kazi zetu wenyewe. Wapakiaji wa mawe na mifuko, wenye mjengo, na madereva wanaokaa kitini kutoka hapa mpaka Nairobi na kurudi mara nne kwa siku, hupata kile kipande laini kilicho kati ya pingili za mgongo kikateleza na kubana mzizi wa neva. Anayeshika mashine ya kutoboa mwamba hutikiswa mikono mpaka vidole vinakufa. Mshonaji na mpishi wa shule hubanwa neva katika kiwiko cha mkono. Anayenyunyiza kahawa dawa za wadudu bila glavu wala kifuniko cha uso huhatarisha neva zake pia, kwani baadhi ya dawa zile huua mdudu kwa njia ya neva, na mwanadamu naye ana neva.

Sasa dawa.

Ya kwanza ni amitriptilini. Ilianza mwaka 1961 kama dawa ya watu wenye huzuni nyingi, na kwa sababu hiyo watu wengine wakisoma karatasi yake huitupa, wakisema “daktari ameniona mwenda wazimu”. Sivyo. Ilionekana baadaye kwamba dozi ndogo, chini ya ile ya huzuni, huimarisha breki ambazo ubongo wenyewe hutumia kuzuia habari za maumivu zisipande. Ni dawa ya zamani, bei yake ni nafuu, na imo katika orodha ya Shirika la Afya Ulimwenguni ya dawa za lazima. Kwa kawaida daktari huanza na miligramu 10 au 25 usiku, kisha hupandisha pole pole.

Yawapasa wanachama kujua mambo yake kabla hawajaanza, kwa maana wengi huiacha siku ya nne. Haifanyi kazi kama Panadol. Hungoja majuma mawili, hata sita au zaidi. Madhara yake huja kwanza, na faida yake huja nyuma, jambo linalovunja moyo. Kinywa hukauka, choo huwa kigumu, na asubuhi kichwa ni kizito. Dawa hii imezwe saa mbili au saa tatu usiku, isingoje saa sita, ili usingizi wake uwe umekwisha kabla ya kazi. Dereva, mpanda bodaboda na mtu anayepanda jukwaa la mjengo asianze dawa hii bila kumwambia daktari kazi yake ni ipi, na siku za kwanza asiendeshe. Mzee anayepata taabu ya kukojoa, mwenye maradhi ya moyo, na mwenye ugonjwa wa jicho uitwao glakoma nao waseme mapema. Isichanganywe na pombe. Na ifungiwe mbali na watoto, kwa kuwa ikizidi huusimamisha moyo, na vidonge vichache humtosha mtoto.

Ya pili ni gabapentini, na ndugu yake pregabalini. Hizi zilifanywa kwa ajili ya kifafa. Hupunguza habari zinazotoka kwenye mwisho wa waya kwenda waya inayofuata. Huleta kizunguzungu, usingizi na kuvimba miguu, na hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo yule aliyekwisha haribu figo kwa diklofenaki lazima apewe kidogo. Huoni jinsi mambo yanavyoshikana? Zisiachwe ghafula. Zikichanganywa na pombe, au na tramadoli, zaweza kupunguza pumzi mpaka mtu asiamke. Twajua kwamba vijana wengine huzitafuta ili kulewa, na kwa sababu hiyo Uingereza iliziweka chini ya sheria kali mwaka 2019. Usimpe mwenzako kidonge chako kwa huruma.

Hata hivyo, kwa wale wenye umeme wa kiunoni unaoshuka mguuni, tuna neno. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio lililofanywa Australia: wagonjwa wa namna hiyo 209 waligawanywa, nusu wakapewa pregabalini na nusu vidonge vitupu. Waliopewa dawa hawakupata nafuu kuliko wenzao, ila walipata kizunguzungu zaidi. Kwa hiyo mwanachama mwenye mgongo asiuze mbuzi anunue pregabalini. Maumivu mengi ya namna hii hupungua kwa majuma sita mpaka kumi na mawili, mtu akiendelea kutembea na kujinyosha badala ya kulala kitandani, na akiondolewa mizigo mizito kwa muda. Hilo la mizigo ni kazi ya chama, si ya duka la dawa.

Iko pia duloksetini, ambayo huwafaa hasa wenye kisukari, ingawa mwenye ini bovu asiiguse.

Na iko karbamazepini, iliyotengenezwa Uswisi mwaka 1953. Hii ndiyo ya kwanza kwa maumivu ya umeme ya upande mmoja wa uso, yale yanayompata mtu akipiga mswaki au upepo ukimpuliza shavuni, naye akang’olewa meno mazima matatu bure. Lakini sikilizeni: karbamazepini huipunguzia nguvu dolutegraviri, ambayo imo katika kidonge kinachotumiwa na wengi wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na huvunja nguvu za vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi. Daktari hawezi kurekebisha asichoambiwa. Mtu akiona vipele au malengelenge baada ya kuianza, aiache na arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Hata pilipili ina dawa ndani yake, maana ile kitu inayowasha hutengenezwa kuwa marhamu ya kuchosha neva za ngozi. Twawaomba msijipake ya jikoni.

Hatutaki kuwadanganya kwamba dawa hizi ni za miujiza. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2015, zilizokusanywa kutoka majaribio mengi ya nchi mbalimbali, zilionyesha kwamba watu wanne hivi wakitumia amitriptilini na jamaa zake, mmoja hupunguziwa nusu ya maumivu kwa nguvu ya dawa yenyewe. Kwa gabapentini na pregabalini ni mmoja katika saba au wanane. Wengine hupata nafuu ndogo, wengine hawapati. Kwa hiyo dawa moja ikijaribiwa kwa dozi ya kutosha na majuma ya kutosha bila faida, daktari hubadili. Hilo si kushindwa, ndiyo njia yenyewe. Na kipimo chake si kwamba maumivu yamekwisha, ila kwamba umelala usiku na umeweza kufanya kazi.

Kuna mambo ambayo hayangoji hata siku moja. Mtu mwenye maumivu ya mgongo akiona ganzi kati ya mapaja, au mkojo unazuia au unamtoka bila kujua, au wayo unaburuta hauinuki, apelekwe hospitali saa ile ile. Kuchelewa ni kulemaa. Na mwenye baka la ngozi lisilosikia kitu apimwe ukoma, ambao bado upo, nao hupona kwa dawa za bure.

Sasa habari ya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa mfanya kazi aliyekwisha fanya miezi miwili mfululizo siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, na saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, mradi ana cheti cha daktari. Siku zile za kwanza za amitriptilini, wakati kichwa ni kizito, ndizo siku za kuomba ruhusa au kazi ya chini. Mwombeni daktari aandike kwenye cheti “asiendeshe” au “asipande juu” au “asibebe mizito”. Maneno “mgonjwa, apumzike” hayamsaidii karani wetu mbele ya tajiri.

Na neva ikiharibika kwa kazi, iwe mgongo uliokatika chini ya mzigo au mkono ulioliwa na mashine, ipo Sheria ya Mafao ya Majeraha ya Kazini, nayo ni ya mwaka 2007. Madai huletwa kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali. Wenzetu wengi huipoteza haki hii kwa sababu moja tu: siku ya ajali hawakuripoti, kwa kuwa hakukuwa na damu. Walimeza vidonge, wakaendelea, na maumivu ya moto yakaja miezi mitatu baadaye. Hapo tajiri huuliza, “Uliumia lini? Nani aliona?” Basi mzigo ukikuangukia, au ukisikia mgongo umelia, ripoti siku hiyo hiyo ingawa waweza kutembea. Liandikwe katika daftari la ajali la kazini, na mwenzako mmoja ashuhudie.

Karani wa tawi ameanza daftari letu pia. Ndani yake twaandika tarehe, kazi uliyokuwa ukifanya, mahali panapouma na namna panavyouma, na dawa ulizopewa. Wenye karatasi za hospitali, ziwe za Kangundo, Machakos au kwingineko, wazilete Jumamosi kabla ya saa sita mchana, na wasiache nyumbani pakiti za dawa wanazotumia, hata zile zisizo na jina. Aliye na mguu unaochoma na hajapimwa sukari asingoje Jumamosi. Aende kesho asubuhi.